BNO ya Hong Kong: pasipoti ya Uingereza isiyokupa kuishi Uingereza

Ukiishika mkononi hivi juu juu hujui tofauti yoyote. Jalada ni la pasipoti ya Uingereza, simba huku, farasi wa pembe moja kule, maandishi ya dhahabu, na ndani lipo lile ombi la waziri kwa jina la Malkia (siku hizi Mfalme) kwamba mwenye kitabu hiki apitishwe bila kusumbuliwa. Fungua ukurasa wa picha ndo mambo yanaanza. Pale kwenye utaifa, ambapo mtu wa Manchester ameandikiwa British Citizen, huyu kaandikiwa British National Overseas, na kule chini kwenye ile mistari miwili ya herufi na vimishale inayosomwa na mashine, kwenye nafasi ya utaifa badala ya GBR kuna GBN. Herufi moja tu imebadilika. Geuza kurasa utakuta na kaandiko kanasema mwenye pasipoti hii yuko chini ya udhibiti wa Sheria ya Uhamiaji ya 1971. Yaani pasipoti ya Uingereza inamwambia ofisa wa Uingereza huyu mkague kama mgeni mwingine yeyote.

Hiyo ndo BNO. Ilianza 1 Julai 1987, kwa watu wa Hong Kong tu, iliyokuwa koloni la Uingereza mpaka iliporudi China 1997, hakuna koloni lingine lililopewa, na wengi huku kwetu wameisikia juzi juzi baada ya maandamano ya 2019. Mimi niliifikia kwa njia nyingine kabisa. Nilikuwa nasoma habari za Wahindi wa Nairobi walivyofungiwa mlango 1968, nikawa najiuliza hii chenga nimeiona wapi tena. Nikaja kugundua ni ile ile, imeboreshwa tu.

Ili tusipotee kwenye majina ya sheria nitamtumia mtu mmoja wa kubuni, mzee aliyezaliwa Kowloon, sehemu ya Hong Kong, mwaka 1955, kaendesha basi maisha yake yote, mpaka uzeeni hajawahi kuhama mtaa. Mkewe katokea Guangdong, mkoa wa China ulio jirani, kavuka mpaka kwenye miaka ya 70. Watoto wawili, wa kiume kazaliwa 1994, wa kike Machi 1998. Familia moja, flati moja, na mpaka mwisho wa kisa utaona walivyogawanywa na karatasi.

Mzee alizaliwa akiwa raia wa Uingereza na Makoloni, ndivyo sheria ya 1948 ilivyowaita watu wote waliokuwa chini ya bendera ile, awe wa Liverpool, wa Kingston, wa Nairobi. Kwenye karatasi baba yake alikuwa na haki ya kupanda meli akashuka Southampton akatafuta kazi asiulizwe na mtu. Hakwenda, nauli angeitoa wapi. Mwaka 1962 mzee akiwa na miaka 7 mlango ukaanza kurudishwa, ikaja sheria inasema kama pasipoti yako umepewa na serikali ya koloni hiyo haikuingizi Uingereza moja kwa moja, ila kama umepewa na serikali ya London yenyewe unapita. Kwa hiyo mtu wa Hong Kong akawa tayari kachujwa, pasipoti yake ilikuwa inatolewa kwa mamlaka ya gavana.

Sasa angalia Kenya. Uhuru umekuja 12 Desemba 1963, gavana kaondoka, Wahindi wasiokuwa raia moja kwa moja wakapewa miaka miwili waamue kama wanaomba uraia wa Kenya au la. Wengi hawakuomba, na walipotaka pasipoti ya Uingereza waliipata wapi? Ubalozi wa Uingereza Nairobi, ambao unatoa kwa niaba ya London. Bila mtu kupanga, mwenye duka wa Nairobi akajikuta na pasipoti yenye nguvu kuliko ya mtu aliyebaki kwenye koloni. Halafu 1967 Kenya ikabana vibali vya kazi na leseni za biashara kwa wasio raia, watu wakaanza kupanda ndege, na London ikashtuka. Muswada ukapitishwa bungeni ndani ya siku chache, ikawa sheria 1 Machi 1968: hata kama pasipoti yako ni ya London, huingii bila kibali mpaka wewe, au mzazi, au babu yako awe amezaliwa kule au amepata uraia kule. Kila mtu alijua ni babu wa rangi gani anayezungumzwa. Miaka mitano baadaye Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema wazi kwamba kuwabagua wale watu kwa rangi namna ile ni kuwadhalilisha. Lakini sheria ilishafanya kazi yake.

Kwangu mimi hapo ndo BNO ilipotungwa mimba, miaka 19 kabla ya kuzaliwa. Kwa mara ya kwanza serikali ilikuwa imekitenganisha kitabu na nyumba, unaweza kuwa na pasipoti yetu na bado usiwe na haki ya kuja kwetu. Sheria ya 1971 ikalipa jambo hilo jina la kistaarabu, haki ya kuishi, wenye nayo na wasio nayo. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90, Uingereza ikapokea kama 27,000 au 28,000 hivi, kwa manung'uniko mengi. Na muda wote huo kule Mashariki ya mbali kuna mamilioni wamekaa kimya kwenye koloni moja dogo.

Ile sheria ya uraia ya 1981, iliyoanza kazi Januari 1983, ndo ikamaliza. Lile jina moja la 1948 likakatwa vipande vitatu: raia wa Uingereza kamili, raia wa Maeneo Tegemezi, na raia wa Ng'ambo (hawa wa mwisho ndo makombo ya Afrika Mashariki, Malaysia na kwingineko). Mzee wetu kalala akiwa kitu kimoja kaamka akiwa raia wa Maeneo Tegemezi. Nauliza, tegemezi kwa nani? Gibraltar, koloni lililo Ulaya kwenyewe, wakaachiwa kadirisha ka kujiandikisha kuwa raia kamili. Watu wa visiwa vya Falkland, ambao hawakufika hata 2,000, wakapewa uraia kamili 1983 baada ya vita na Argentina. Hong Kong ilikuwa na watu zaidi ya milioni 3 wa daraja hilo. Hesabu ndo hiyo, huna haja ya kutafuta falsafa nyingine.

Halafu kuna suala la ardhi, na hapa mtu wa Mombasa ataelewa haraka kuliko wa bara maana mwambao wa Kenya nao ulikuwa wa kukodi, wa Sultani wa Zanzibar, tangu 1895 mpaka 1963. Kisiwa cha Hong Kong Waingereza walikichukua 1842, Kowloon 1860, hizo walipewa moja kwa moja baada ya vita. Ila New Territories, ambayo ni karibu asilimia 90 ya eneo lote, walikodi 1898 kwa miaka 99. Piga hesabu utafika 30 Juni 1997. Septemba 1982 Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, kaenda Beijing akidhani atabaki na utawala hata kama mkataba unaisha, akatoka mkutanoni akajikwaa kwenye ngazi za Ukumbi wa Umma mbele ya kamera, watu wa Hong Kong wakaona ni nuksi. Haikuwa nuksi, ni kwamba China ilishasema inachukua yote.

Tamko la pamoja la Uingereza na China, la kuirudisha Hong Kong, likasainiwa 19 Desemba 1984, na siku hiyo hiyo wakabadilishana hati mbili fupi kuhusu utaifa. Kama una muda wa kusoma kitu kimoja tu kwenye kisa hiki soma hizo hati, maana hazijibizani, kila moja inaongea na ukuta wake. Uingereza inasema: hawa raia wetu wa Maeneo Tegemezi kwa ajili ya Hong Kong, ikifika 1 Julai 1997 uraia huo unakoma, ila wataweza kubaki na hadhi fulani inayofaa, waendelee kutumia pasipoti zetu, bila haki ya kuishi Uingereza. China inasema: Wachina wote wa Hong Kong ni raia wa China, wana pasipoti ya Mwingereza au hawana, haijalishi, ila tutawaruhusu wazitumie hizo hati za Uingereza kusafiria nchi nyingine, na wakiwa ndani ya Hong Kong au China wasije wakakimbilia kwa balozi wa Uingereza kutafuta ulinzi. Kwa hiyo kitu kimoja, London inakiita utaifa, Beijing inakiita karatasi ya safari. Wakasaini, wakapeana mikono, kila mtu akabaki na maana yake.

"Hadhi inayofaa" ikapewa mwili kwa sheria ya Hong Kong ya 1985 na amri yake ya 1986, na 1987 madirisha yakafunguliwa. Hebu angalia kilichomo, maana ukikitazama ni orodha ya vitu vilivyotolewa kuliko vilivyowekwa. Huipati mwenyewe tu, lazima uombe. Ili uombe lazima uwe raia wa Maeneo Tegemezi kupitia Hong Kong. Mwisho wa kuomba upo, ukipita umepita, milele. Huwezi kumrithisha mtoto, hata siku moja, kwa hiyo aliyezaliwa mwishoni akifariki ndo hadhi yenyewe imezikwa. Haikupi kuishi Uingereza, na wala Hong Kong kwenyewe haikupi, kule unaishi kwa kitambulisho chako cha ukaazi wa kudumu, na pasipoti yenyewe inajieleza hivyo ndani, inataja namba ya kitambulisho halafu inasema hicho ndicho kinachompa huyu haki ya kuishi Hong Kong. Nimejaribu kufikiria pasipoti nyingine inayomtegemea shahidi wa nje namna hiyo nimekosa. Faida zake ilikuwa unaingia Uingereza kutembea bila viza, miezi 6, na ukipata matatizo nchi ya tatu balozi wa Uingereza atakusikiliza.

Halafu lile jina. Waliondoa neno citizen wakaweka national, na Kiswahili kinapata shida hapa maana yote mawili tunayaita raia. Lakini ukilichimba neno letu utaona limejibu swali zamani. Raia limetoka kwenye Kiarabu, asili yake kundi linalochungwa, watu walio chini ya mtawala. Mwananchi ni mtoto wa nchi. Tunavyoongea kila siku tunayachanganya lakini sio kitu kimoja, raia ana mwenyewe, mwananchi ana kwao. Mzee wa Kowloon alibakishwa raia wa Malkia kwa maana ile ya zamani kabisa, wa kuchungwa, tena mchungaji yuko mbioni kuondoka. Wenyewe Hong Kong hawakuhitaji kamusi, wakatania kwamba hizo herufi B, N, O maana yake Uingereza imesema No.

Mpaka hapo watu walikuwa wanacheka. Juni 1989 jeshi likaua watu Beijing na utani ukaisha. Hong Kong waliandamana malaki kwa malaki, na swali likawa moja, 1997 ikifika tutakimbilia wapi na pasipoti hii isiyoingia kwa mwenyewe? London ikaja na sheria ya 1990: uraia kamili kwa wakuu wa familia 50,000 pamoja na wake au waume na watoto, wachaguliwe kwa pointi za umri, elimu, uzoefu, aina ya kazi, Kiingereza. Hata hilo dogo Norman Tebbit na wenzake ndani ya chama tawala walilipinga. Dereva wa basi angepata pointi ngapi, hebu jibu mwenyewe. Na kichekesho cha mpango ule ni kwamba ulipewa watu ili wasiondoke, wazo likiwa ukishakuwa na mlango wa nyuma mfukoni utakaa kwa amani ufanye kazi. China ikatangaza kwamba pasipoti hizo haizitambui.

Kuvuka maji kidogo tu kutoka Hong Kong kuna Macau, koloni la Ureno, nalo la kurudi China, Desemba 1999. Wareno hawakuunda kitu kipya. Aliyezaliwa Macau kabla ya 20 Novemba 1981 alikuwa raia wa Ureno, basi, kama wa Lisbon. Na kwa kuwa Ureno iliingia jumuiya ya Ulaya 1986, Mchina wa Macau mwenye pasipoti ya Ureno alikuwa na haki ya kwenda kuishi na kufanya kazi London, wakati Mchina wa Hong Kong mwenye pasipoti ya Uingereza hana. Hapa nilisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Najua mtu atasema Macau ni watu wachache, ndiyo, na Ureno haikuwa nchi tajiri ya kukimbiliwa. Lakini basi tuambiane tu kwamba ilikuwa hesabu ya vichwa, tusiambiwe kwamba haikuwezekana kisheria.

Tumrudie mke wa mzee. Yeye kazaliwa Guangdong, kwa hiyo hakuwahi kuwa raia wa Maeneo Tegemezi, na bila hiyo huombi BNO. Dirisha lake pekee lilikuwa kuandikishwa uraia wa koloni kwanza, na mwisho wake ulikuwa 31 Machi 1996. Sasa hebu simama hapo uwaze, mtu anapanga foleni kuomba uraia wa koloni ambalo lina miezi 15 ya kuishi, ili uraia huo umpe sifa ya kuomba hadhi nyingine ambayo haimpeleki popote. Na walipanga kweli. Siku ya mwisho peke yake waliomba zaidi ya watu 50,000, foleni inazunguka jengo la uhamiaji Wan Chai, watu wamekuja na viti vya kukunja, magazeti, vyakula vya kwenye makopo, watoto mgongoni. Wazungu wengine walishangaa, kwa nini wanahangaikia kitu kisicho na haki ya kuishi? Mimi sishangai. Kwetu huku mtu amewahi kulala nje ya ofisi kwa ajili ya fomu ambayo hajui itamsaidia nini, anajua tu kwamba asiyekuwa nayo kesho ataulizwa kwa nini hana. Karatasi ni kama mwavuli, ukiusubiri mvua inyeshe ndo uununue umeshalowa.

Mzee mwenyewe alijiandikisha mapema, kwa zamu za miaka ya kuzaliwa walivyopangwa kuanzia 1993. Mtoto wa kiume wakamwingiza. Wa kike kazaliwa Machi 1998, miezi tisa tu kupita tarehe, ndo basi, kwake hakuna cha BNO wala nini, raia wa China mwenye pasipoti mpya ya Hong Kong iliyo chini ya China. Tumbo moja, karatasi mbili.

Septemba 1995 gavana wa mwisho, Chris Patten, alisema hadharani kwamba hawa watu zaidi ya milioni 3 wapewe haki ya kuishi Uingereza. Serikali yake yenyewe ikamkatalia. Mei 1996 Beijing nayo ikatoa tafsiri yake rasmi, Wachina wa Hong Kong ni raia wa China, na kwa kuwa China haitambui uraia pacha hayo ya BNO ni mambo ya nauli na tiketi tu.

Kuna watu waliobaki katikati, nao wanatuhusu zaidi. Hong Kong ilikuwa na Wahindi, Wapakistani na Wanepali wa vizazi kadhaa, wafanyabiashara, askari, walinzi. Hawa sio Wachina kwa damu kwa hiyo China haiwachukui, na BNO haina nchi, kwa hiyo 1 Julai 1997 wangeamka hawana kwao duniani. Kwa miaka mingi London iliwaambia msijali, mkibanwa tutafikiria. Ilikuwa ni ile ile ya Nairobi, Mhindi wa koloni mkononi ana kitabu cha Malkia na mlango umefungwa. Ila safari hii, Machi 1997, zikiwa zimebaki kama miezi mitatu hivi, bunge likapitisha sheria wajiandikishe uraia kamili. Kwa hiyo waliokuwa wachache na wanaodharauliwa mitaani Hong Kong ndo wakaishia na pasipoti ya kweli, GBR, na jirani zao Wachina wakabaki na GBN. Wapo walioona wivu na siwalaumu.

Baada ya hapo maisha yakaendelea kwa namna ambayo mgeni angepata kizunguzungu. Mfukoni mwa mzee kuna kitambulisho cha Hong Kong, hicho ndo cha kuingilia na kutokea. Akienda kumwona mama mkwe Guangdong hatumii pasipoti yoyote, anatumia kibali cha kurudi nyumbani kinachotolewa na China, maana kwa China BNO huwezi kuingia nayo, huwezi kuwa mgeni kwenu. Akienda Thailand kutembea ndo anatoa BNO, au pasipoti ya Hong Kong mpya kama anayo, na hii mpya taratibu ikaja kuipita BNO kwa nchi zinazoipokea bila viza. Watu wengi wakaacha hata kuhuisha BNO zao, zikaisha muda kwenye makabati. Kufikia mwanzoni mwa 2020 pasipoti zilizo hai zilikuwa laki 3 na ushee tu, wakati wenye hadhi wanakadiriwa karibu milioni 2.9.

Kitu kimoja kilichonikera kuliko vyote kwenye kisa hiki ni cha 2002, na mara nyingi hakisemwi. Mwaka huo, Mei, Uingereza iliwapa uraia kamili wa pamoja wakazi karibu wote wa makoloni yaliyobaki, Bermuda, Saint Helena, Cayman na wengine. Jumla yao laki 2 hivi. Miaka mitano tu baada ya kuikabidhi China Hong Kong na watu wake milioni 6 na nusu. Walisubiri mgeni mwenye familia kubwa aondoke ndo wakatandika meza.

Sasa 2019 tunaijua, maandamano ya muswada wa kupeleka watuhumiwa China, mabomu ya machozi, vijana wengi wao wamezaliwa baada ya 1997, umri wa yule binti. 30 Juni 2020 sheria ya usalama wa taifa ikaanza Hong Kong, na kesho yake, 1 Julai, Johnson, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, akasema wenye BNO watafunguliwa njia. Viza ikaanza 31 Januari 2021: unakuja, unafanya kazi, unasoma, miaka 5 unaomba ukaazi wa kudumu, mwaka mmoja juu yake unaomba uraia. Angalia lakini walivyofanya. Pasipoti haikubadilishwa hata nukta, bado GBN, bado chini ya udhibiti wa sheria ya 1971. Walichoongeza ni viza juu yake. Yaani Mwingereza anaomba viza ya Uingereza kwa pasipoti ya Uingereza, ilipoanza ilikuwa paundi 250 kwa miaka 5, na ada ya afya paundi 624 kwa mwaka kwa mtu mzima kwa viwango vya wakati ule, inalipwa yote mbele, ni 3,120 nyingine. Na ukumbuke London ilikuwa imeambiwa na watu wake miaka ya 80 kwamba wakifunguliwa watafurika mamilioni. Waliofika mpaka 2024 ni zaidi ya 150,000.

China ilijibu siku mbili kabla ya viza kufunguliwa: kuanzia 31 Januari 2021 BNO haitambuliki tena kama hati ya safari wala ya utambulisho. Kwa hiyo lile neno la 1984, kwamba tutawaachia wazitumie kusafiria, limekwisha. Uwanja wa ndege Hong Kong haikuleta shida sana maana ukitoka unaonyesha kitambulisho, halafu BNO unaitoa kwenye begi ukifika Heathrow, uwanja wa ndege wa London. Ilipouma ni sehemu nyingine.

Mzee na mkewe na kijana walipata viza, wako Uingereza. Binti alikuwa kapanga chumba chake mwenyewe, na kanuni ya mwanzo ilisema mtoto mtu mzima aliyezaliwa baada ya 1997 anakuja kama anaishi nyumba moja na mzazi mwenye BNO na wanaomba pamoja. Akabaki. Mpaka 30 Novemba 2022 walipobadilisha, mtoto wa mwenye BNO aombe mwenyewe bila kumsubiri mzazi, ndo naye akaanza kujaza fomu. Anaingia kwa pasipoti ya China ya Hong Kong, sifa yake ni kwamba baba yake ana karatasi ambayo sheria ilisema hairithiwi.

Na pensheni. Hong Kong kila mfanyakazi anakatwa kwenye mfuko wa lazima tangu Desemba 2000, unachukua ukifika miaka 65, au mapema ukithibitisha umehama moja kwa moja. Wakala wa mfuko akasema BNO na viza yake haviwezi kuwa ushahidi wa kuhama kwa kuwa hati yenyewe haitambuliki. Mzee alitimiza 65 mwaka 2020, alishachukua chake kabla ya kupanda ndege. Kijana wa 1994 kwa tarehe hiyo ya kawaida anasubiri mpaka 2059, labda apate karatasi nyingine watakayoikubali. Kwa sasa yuko kule anafanya kazi ghala, kila robo mwaka anaiangalia akaunti kwenye simu, hela zipo, zinaongezeka hata, kuzitoa ndo hawezi.